Nani alisema waru ni ya wazungu?
Wasee, peleka saladi ya viazi kwa sherehe ya familia hapa Turkana uone. Wazee watasema hicho ni chakula cha wazungu, leta mbuzi na ugali. Hata jina tunasema viazi ulaya.

Lakini waru ilianza kulimwa milima ya Andes, Amerika Kusini. Ulaya iliipata karne ya 16, na Waingereza wakaileta Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Mahindi ya ugali pia asili yake ni Amerika! Tofauti ni kwamba tumeyazoea.

Siku hizi waru inapanda lori Kitale, inapita Lodwar na Kakuma ndio ifike kwetu Nakalale. Chemsha, katakata, changanya na kitunguu, mayai na mayonesi. Mbuzi abaki, saladi ikae kando yake. Kwenu wazee wanasemaje?