Tanga 1914: Uvamizi wa baharini ulioshindwa, na chanzo cha jina Kariokor

Jina Kariokor hutamkwa kila siku na makanga na abiria wa mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Kutoka Kariobangi hadi hapo ni safari fupi ya matatu, msongamano wa magari ukiruhusu. Hata hivyo, ni vijana wachache wanaofahamu kwamba jina hilo ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kati ya mwaka wa 1914 na 1918.

Sababu moja kubwa iliyofanya wapagazi hao wahitajike kwa maelfu inapatikana Tanga, mji wa bandari ulio kusini mwa Mombasa. Huko ndiko Uingereza ilikojaribu, mnamo Novemba 1914, kuivamia kutoka baharini koloni ya Ujerumani ambayo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania bara ya leo.

Kuvamia nchi kutoka baharini ni miongoni mwa kazi ngumu kabisa za kijeshi. Jeshi linalopigana nchi kavu likizidiwa laweza kurudi nyuma, lakini askari anayeshuka ufuoni ana maji mgongoni na adui mbele yake. Hushuka amelowa, mara nyingi bila mizinga mizito, mahali asipopajua. Kwa sababu hiyo wapangaji wa uvamizi hujitahidi kumshtukiza adui, kuipeleleza vyema nchi wanayoiendea, na kuondoka ufuoni haraka. Majeshi yaliyoivamia Ufaransa katika fuo za Normandy mnamo Juni 6, 1944, yakiwa na wanajeshi wapatao 156,000 siku ya kwanza pekee, yalikuwa yametumia miezi mingi kuwahadaa Wajerumani kuhusu mahali watakaposhukia.

Tanga hapakuwa na hadaa yoyote. Adui aliarifiwa waziwazi, tena kwa adabu.

Wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, waliondoka Bombay katikati ya Oktoba 1914 chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Walisongamana melini kwa majuma kadhaa, wakaugua kwa mawimbi na joto. Baadhi ya vikosi vilikuwa havijawahi kufanya mazoezi pamoja.

Walipofika Mombasa, maafisa wa King's African Rifles, jeshi ambalo Waswahili waliliita Keya, walimwonya Aitken kwamba askari Waafrika wa Wajerumani walikuwa wapiganaji hodari. Keya walikuwa wakiijua nchi na namna ya kupigana vichakani, lakini jenerali huyo hakuutaka msaada wao. Aliamini kwamba jeshi la Waafrika lisingeweza kusimama mbele ya jeshi lake. Dharau hiyo ndiyo iliyomponza kuliko kosa jingine lolote.

Mnamo Novemba 2, manowari Fox ilitangulia peke yake hadi mbele ya bandari ya Tanga. Kapteni wake, Francis Caulfeild, alijiona amefungwa na mapatano ya Agosti mwaka huo, yaliyosema kwamba bandari za Tanga na Dar es Salaam zisingeshambuliwa. Alimwita mkuu wa wilaya, Auracher, akamtaka ausalimishe mji. Auracher alijibu kwamba ni lazima kwanza awaulize wakubwa wake. Alirudi nchi kavu, akapeleka habari, akavaa sare za kijeshi.

Kapteni Caulfeild alikuwa na hofu pia kwamba bandari ilikuwa imetegwa mabomu ya majini, hivyo saa nyingi zikapotea katika kuyatafuta. Hayakuwepo.

Wakati huo Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa upande wa Moshi, mwisho wa reli itokayo Tanga. Aliwapakia askari wake kwenye magarimoshi, kundi baada ya kundi. Mwenyewe aliwasili usiku wa Novemba 3 na kuuzunguka mji kwa baiskeli, akitazama taa za meli zilizokuwa zikiwaka baharini. Hatimaye alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika ambao baadhi yao walibeba bunduki za kizamani zilizotoa moshi mzito kila zilipofyatuliwa.

Waingereza walikuwa wameanza kushuka Ras Kasone, mashariki mwa mji, usiku wa kuamkia Novemba 3. Kikosi cha kwanza kilichoukaribia mji asubuhi kilirudishwa nyuma. Shambulio kubwa lilifanywa siku iliyofuata, Novemba 4, adhuhuri, juani, kupitia mashamba na vichaka vizito ambamo makundi yalipotezana.

Baadhi ya wavamizi, wakiwemo askari kutoka Kashmir na Waingereza wa kikosi cha Lancashire, walifaulu kuingia mjini na kupigana nyumba kwa nyumba. Upande wa kushoto mambo yaliharibika. Askari wa Lettow-Vorbeck waliwazunguka Wahindi na kuwamiminia risasi za bunduki za rashasha, na baadhi ya vikosi vikatimka mbio kurudi ufuoni. Kwa upande wa Wajerumani aliuawa Tom von Prince, aliyejulikana kama Bwana Sakarani, ambaye katika miaka ya 1890 alipigana na Mtwa Mkwawa wa Wahehe.

Ndipo walipotokea nyuki. Risasi zilikuwa zimeitikisa mizinga iliyotundikwa mitini, na makundi ya nyuki yakawaka kwa hasira na kuwauma askari waliokuwa chini. Wapo Waingereza walioamini kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi, lakini ukweli ni kwamba nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili. Kisa hiki hupendwa sana, hata vita hivyo vimeitwa Vita vya Nyuki. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba waliowashinda Waingereza ni askari Waafrika walioamua kutokimbia.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilitokea jioni hiyo. Kwa kutoielewa amri, makundi ya Wajerumani yaliondoka mjini na kurudi kambini kwao upande wa magharibi. Kwa saa kadhaa za usiku Tanga ilikuwa wazi, bila mlinzi wa maana. Aitken hakujua. Hakuwa na habari sahihi za adui, na watu wake walikuwa wamevunjika moyo. Mnamo Novemba 5 aliamuru warudi melini.

Waliondoka kwa haraka kiasi cha kuacha ufuoni mamia ya bunduki, bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani na askari wao waliouawa hawakufikia 100. Aitken alishushwa cheo na hakukabidhiwa tena jeshi vitani.

Kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck aliweza kuwapa baadhi ya askari wake bunduki za kisasa, na ushindi ule uliwatia moyo wa kuendelea. Tanga yenyewe ilitwaliwa na Waingereza Julai 1916, lakini vita vilihamia kusini, vikavuka hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Lettow-Vorbeck alisalimu amri huko Abercorn, sasa Mbala, mnamo Novemba 25, 1918, majuma mawili baada ya vita kusimama Ulaya.

Katika nchi hizo reli zilikuwa chache na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Mwaka wa 1917 wanaume walikamatwa kwa wingi kote Kenya ya leo na kupelekwa kubeba mizigo. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, njaa, na unga wa mahindi usioiva vizuri ambao matumbo ya wengine hayakuuzoea.

Waliokufa kutoka Kenya pekee wanakadiriwa kupita 40,000. Mishahara ya wengi wao haikuwafikia jamaa zao, na majina yao hayakuandikwa makaburini. Katika barabara ya Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu tatu za ukumbusho wao na wa askari waliopigana nao. Mahali palipokuwa kambi yao Nairobi paliitwa Kariokor. Dar es Salaam, palipokuwa na kambi nyingine ya wapagazi, paliitwa Kariakoo.