Somo la Redio: Kupima Nguvu ya Pumzi

Fungueni madaftari yenu.

Mwajua kwamba mtoto akipuliza puto kupita kiasi, puto hupasuka. Je, mapafu ya mtu nayo? Basi sikilizeni.

Mwaka 1733 Stephen Hales wa Uingereza alichapisha kitabu. Alieleza jinsi alivyotia bomba katika mshipa wa farasi, akaliunga na mrija mrefu wa kioo. Damu ikapanda mrijani hata futi 8 na inchi 3. Hivyo nguvu ya kitu kisichoonekana ikaonekana kwa macho. Nguvu ya hewa hupimwa kwa wazo hilo hilo. Twauliza: hewa hii ingeinua maji sentimita ngapi katika mrija?

Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Wagonjwa wengi walipooza, wasiweze kuvuta pumzi. Wanafunzi wa udaktari wakashika zamu, usiku na mchana, wakiwasukumia hewa kwa mfuko wa mpira. Vifo vikapungua sana. Baadaye kazi hiyo ikafanywa na mashine.

Lakini hewa isukumwe kwa nguvu gani? Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Webb na Tierney, walijaribu kwa panya. Waliosukumiwa hewa kwa nguvu ya sentimita 14 za maji hawakudhurika. Waliosukumiwa kwa nguvu ya sentimita 45, mapafu yao yalijaa maji upesi, yakashindwa kazi. Kumbe pumzi iokoayo yaweza pia kuua!

Mwaka 2000 ukatolewa uchunguzi wa wagonjwa 861 wa Marekani, ambao mapafu yao yaliumia vibaya. Katika waliopewa pumzi kubwa, karibu 40 kwa kila 100 walikufa. Katika waliopewa pumzi ndogo, walikufa 31.

Siku hizi kipimo ni kiwambo chembamba. Hewa ikikisukuma, hupindika kidogo, na umeme hutoa hesabu yake. Kipimo hicho kimo katika mashine za hospitali, nacho hupiga kengele nguvu ikizidi.

Basi tusiwasahau wale panya. Wao walilipa gharama ya elimu hii.

Maswali:
1. Hales alipima nini kwa mrija wa kioo?
2. Kwa nini pumzi kubwa mno ni hatari?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.