Wateja wa Misitu ya Kisarawe

Kila msitu wa Kisarawe au Kibaha unapobaki visiki, tunauliza: nani kakata? Jibu huwa jepesi, maana mchoma mkaa anaonekana. Ana tanuru linalofuka moshi, ana baiskeli na magunia. Mimi nadhani historia ya huku inaeleweka vizuri zaidi tukiuliza swali la sokoni: mteja alikuwa nani?

Tuanze karne ya 19, kabla mji wa Dar es Salaam haujaanzishwa. Wakati huo Uzaramo ilisifika Unguja kwa sandarusi, utomvu wa mti wa msandarusi. Ile bora kabisa ilikuwa imelala ardhini miaka na miaka hadi ikawa ngumu kama kioo. Wazaramo waliichimba na kuiuza kwa wafanyabiashara wa pwani, ikavushwa hadi Unguja, kisha meli za Salem, Marekani, zikaibeba kwenda kutengenezewa vanishi. Mwaka 1833 Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, na sandarusi ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizowavuta wafanyabiashara wake huku. Samani za ng'ambo ziking'aa, bei aliipanga mnunuzi. Angalau mchimbaji yule hakulazimika kuangusha mti.

Mteja wa pili yuko karibu zaidi. Ni sisi wa Dar es Salaam. Waingereza walikuwa wametenga Pugu na Kazimzumbwi kuwa misitu ya hifadhi, na mwanakijiji akaanza kuitwa mvamizi katika pori alilolizoea. Lakini mpaka wa hifadhi hauzuii njaa ya jiji. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba kati ya 2001 na 2007, kaya za Dar es Salaam zinazopikia mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, huku wanaotumia gesi wakishuka kutoka asilimia 43 hadi 12. Tulikuwa na gesi, tukarudi kwenye mkaa, kwa sababu mkaa unanunulika hata kwa kopo.

Na mkaa unakula miti kweli kweli. Kwenye tanuru la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa mkaa usiofika hata kilo 20. Watafiti waliopima misitu kuzunguka Dar es Salaam waliona uharibifu ukisonga kama wimbi, hadi kilomita 9 kwa mwaka kati ya 1991 na 2005: mbao za thamani zinaondoka kwanza, mkaa unafuata nyuma. Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu Kusini ilikuwa kwenye njia ya wimbi hilo. Mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku uchomaji mkaa. Katazo hilo halikumaliza hata mwezi. Jiji lilitaka kula.

Mteja wa tatu alikuja amevaa kijani. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, ardhi ya vijiji 11, kulima mbono wa kutoa mafuta ya magari. Yaliitwa maendeleo endelevu, nishati isiyochafua hewa. Mwaka 2011 mradi ukaanguka. Vibarua wakapoteza kazi, na wanakijiji wakabaki wanalalamikia fidia ndogo na ahadi za huduma zisizotimia, huku ardhi iliyowapa kuni, uyoga na maji ikiwa si yao tena. Hapo ndipo neno "endelevu" linapaswa kutushtua kidogo. Endelevu kwa nani?

Sasa tuna mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Ni jambo jema, na safari hii angalau macho yameelekezwa jikoni. Ila mtungi wa kwanza ukitolewa bure, wa pili unajazwa kwa hela. Mama lishe wa Gongo la Mboto anapiga hesabu ya leo, na hesabu yake ndiyo itakayoamua kama mti wa Kazimzumbwi utasimama.

Tusimsahau na mchoma mkaa. Kule Kilosa vijiji vimejaribu kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu yao wenyewe, kwa zamu, na mapato yakajenga huduma za kijiji. Kisarawe na Kibaha zina jiji mlangoni, kwa hiyo kibarua chao ni kigumu zaidi. Lakini tangu enzi za sandarusi, mnunuzi wa mbali ndiye aliyepanga bei na mwenye pori akabaki na mashimo au visiki. Hifadhi isiyompa mwanakijiji chochote mfukoni itamfanya awe mlinzi kwa sababu gani?