Chama ni sehemu, si inchi nzima

Neno «parti», ambalo watu wa mijini kwetu wanatumia kwa kutaja chama cha siasa, shina lake ni la kilatini: pars, ndiyo sehemu. Neno hilo tulijifunza katika seminari ndogo. Lakini maana yake, inchi yetu ya Kongo iliifahamu kwa taabu.

Tutazame kwanza mwaka 1960. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano walichaguliwa wajumbe 137, na kila chama kilipewa viti kadiri ya kura zake. Desturi hiyo ina haki, maana hata chama kidogo hakikosi sauti. Lakini vyama vingi vilikuwa vya kabila moja au vya jimbo moja: Abako kwa Wakongo wa Bas-Congo, Conakat katika Katanga, Balubakat kwa Waluba wa huko huko. MNC ya Lumumba ilitaka kuwa ya inchi yote, nayo ilipata viti 33 tu, bila kuhesabu vyama rafiki. Ilifaa basi kushirikiana na wengine. Penye vyama vingi, kushirikiana si aibu, ni kazi yenyewe. Lakini wengi walimwona mwenye shauri lingine kuwa adui. Tarehe 5 ya mwezi wa tisa Raisi Kasavubu alimwondosha Lumumba. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu ameondoshwa.

Mobutu alitwaa utawala mwaka 1965, na mwaka 1967 alianzisha MPR. Wengi walishangilia, sababu walichoka na ugomvi. Katiba ya mwaka ule iliruhusu vyama viwili, lakini cha pili hakikupata nafasi. Kisha chama kikawa serikali, na kila raia akahesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa. Sehemu ikajiita inchi nzima! Mwaka 1972 ilidai kuingiza vijana wake hata katika seminari. Maaskofu walikataa, na Kardinali Malula alikaa Roma miezi kadhaa kama mkimbizi. Aliyekosa mshindani amekosa pia wa kumwonya.

Mwaka 1990 vyama vingi viliruhusiwa tena. Katika uchaguzi wa 2006, chama cha kwanza kilipata viti 111 katika 500. Kwa hiyo fundisho la 1960 likarudi: hakuna awezaye kutawala peke yake.

Sisi mapadri, kanuni 287 ya Eklezya inatukataza kushika kazi katika vyama. Haitukatazi kufundisha. Mkristu akituuliza aingie chama gani, tusimtajie jina. Tumwambie akiulize chama hicho maswali mawili: Mkishindwa, mtafanya nini? Na mkishinda, yule aliyeshindwa mtamwekea kiti wapi? Chama kisichoweza kujibu kimesahau kwamba ni sehemu.