Profesa Mutiso na mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni

Mgeni anayepita Kitui au Makueni wakati wa kiangazi huona mito iliyokauka, isiyo na chochote ila mchanga mweupe. Wenyeji wanajua kwamba chini ya mchanga huo kuna maji, na kwamba mahali palipojengwa ukuta imara, maji hayo huweza kudumu hadi mvua inyeshe tena.

Ukuta huo ndio unaoitwa bwawa la mchanga. Miongoni mwa waliousambaza Ukambani ni Profesa Gideon-Cyrus Makau Mutiso, msomi ambaye hakuanza kama mhandisi bali kama mwanasayansi wa siasa.

Profesa Mutiso alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1974 alitoa kitabu kuhusu fikra za kisiasa na kijamii katika fasihi ya Afrika, na mwaka 1975 kikafuata kingine kuhusu siasa, sera na jamii ya Kenya. Katika kitabu hicho cha pili alichambua pengo lililopo kati ya "asomi", yaani waliosoma na kushika madaraka, na umma wa vijijini usiokuwa na sauti serikalini.

Swali hilo la nani anaamua na nani anaamuliwa lilijitokeza tena katika kazi yake ya maji. Akiwa mwenyekiti wa Wakfu wa Sahelian Solutions, unaojulikana kwa kifupi kama SASOL, alisimamia mpango wa kujenga mabwawa ya mchanga Kitui ulioshika kasi kuanzia mwaka 1995. Wanakijiji walishiriki katika kuchagua mahali pa kujenga, wakakusanya mawe, mchanga na maji, na wakatoa nguvu zao. Shirika lilileta saruji, chuma na mafundi.

Utaratibu huo haukuwa mgeni. Tangu zamani Wakamba wana desturi ya mwethya, yaani kufanya kazi kwa zamu na kwa pamoja katika mashamba ya majirani. Mabwawa yenyewe pia hayakuanza na SASOL, kwani katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga kadhaa katika eneo hilo. Mwaka 1978, Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, ambacho baadaye kilikua na kuwa shirika lililojenga mabwawa mengi Machakos na Makueni.

Hali ya nchi ndiyo iliyofanya kazi hiyo iwe ya lazima. Kitui iko kati ya mito Tana na Athi, lakini sehemu kubwa ya wakazi wake huishi mbali na mito hiyo inayotiririka mwaka mzima. Mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na wakulima hutegemea zaidi ule wa pili. Mvua ikinyesha huja kwa kishindo, mito ya msimu kama Tiva ikafurika, na baada ya muda mfupi maji yote huwa yamekwenda zake.

Bwawa la mchanga hutumia mafuriko hayo hayo. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukingama mto, juu ya mwamba usiopitisha maji, huku mabawa yake yakiingizwa ndani ya kingo ili mto usizunguke pembeni. Mafuriko yanapofika hubeba mchanga na matope. Mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, na matope mepesi hupita juu yake pamoja na maji. Baada ya msimu mmoja hadi minne, nafasi yote huwa imejaa mchanga.

Mchanga huo ndio tangi lenyewe. Kati ya robo na thuluthi moja ya ujazo wake, na pengine zaidi, ni nafasi inayojaa maji. Jua haliwezi kuyafyonza kwa urahisi, kwani yakishuka chini ya takriban sentimita 60 huwa hayakaukiki tena kwa kiasi kikubwa. Mbu hawapati mahali pa kuzaliana, na mchanga huyachuja maji, ingawa kisima kilicho wazi ambacho mifugo hunywea huweza kuchafuka. Maji hupenya pia kwenye kingo za mto, na hapo wakulima hupanda mboga na miti ya matunda.

Manufaa yake yamepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na wataalamu wa chuo kikuu cha Vrije cha Amsterdam, Uholanzi, pamoja na wenzao, ulionyesha kwamba zaidi ya mabwawa 500 yalikuwa yamejengwa Kitui katika muda wa miaka kumi hivi. Watu wapatao 67,500 walikuwa wamepata maji kwa urahisi zaidi, kwa gharama ya wastani wa dola 35 za Marekani kwa kila mmoja. Wanawake na watoto, ambao ndio wachotaji wakuu, walipunguziwa safari ndefu za kwenda mtoni. Mabwawa hayo huzuia sehemu ndogo tu ya maji yanayopita msimu wa mvua, hivyo walio mtoni chini hawapokonywi haki yao.

Hata hivyo, si kila ukuta huleta maji. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2015 ulionya kwamba baadhi ya mabwawa ya kusini mashariki mwa Kenya yalijaa matope badala ya mchanga wa chembe kubwa, na hivyo kutoa maji machache. Sababu moja ni kujenga ukuta mzima kwa mara moja. Ukuta mrefu hutuliza maji na kuyafanya yaangushe hata matope mepesi, ilhali ukuta unaoinuliwa kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, huacha matope yapite. Tena, mto usio na mwamba karibu, au usiobeba mchanga wa chembe kubwa, haufai hata kidogo.

Hatari nyingine hutoka kwa binadamu. Ujenzi wa majumba mijini umeufanya mchanga wa Ukambani kuwa bidhaa ya thamani, na malori yamekuwa yakiuzoa mitoni, mara nyingi usiku. Mchanga ukiondoka, tangi huondoka nalo. Ugomvi huo umegharimu maisha, kwani mwaka 2011 afisa wa polisi aliyekuwa akipinga uchimbaji huo aliuawa Makueni. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake.

Serikali kuu nayo imeelekea kwenye miradi mikubwa. Ujenzi wa bwawa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ulizinduliwa mwaka 2018 kwa lengo la kuhifadhi mita milioni 688 za ujazo wa maji. Bwawa la namna hiyo huweza kulisha miji na mashamba makubwa, lakini maji yake yanahitaji mabomba marefu na fedha nyingi kabla ya kumfikia mkazi wa kijiji cha mbali. Bwawa la mchanga ni dogo, ila liko karibu na mlango wa anayelitumia, na waliolijenga kwa mikono yao wanaweza kulikarabati.

Hapo ndipo somo la Profesa Mutiso linaposhikana na lile aliloandika mwaka 1975. Saruji na vipimo ni kazi ya mtaalamu, lakini bila wenyeji wanaoamua mahali pa kujenga na wanaolinda mchanga usiibwe, ukuta hubaki kuwa mawe tu katikati ya mto mkavu.