Damu Nyuma ya Mabaka

Hippocrates aliyafananisha mabaka ya ngozi na alama za mmea unaowasha. Mwaka 1769 tabibu wa Uskoti, William Cullen, akaupa ugonjwa jina linalotumika hadi leo: urtikaria. Kati yao imepita miaka zaidi ya elfu mbili isiyoongeza mengi. Chakula kilirushiwa lawama, na bado kinarushiwa. Jirani atakwambia uache pweza na mayai, ingawa mabaka yanayorudi kwa zaidi ya wiki 6 bila chanzo dhahiri ni nadra kuletwa na chakula.

Mwaka 1878 Paul Ehrlich alieleza seli za masti, zilizojaa chembechembe. Mwaka 1910 Henry Dale na Patrick Laidlaw wakachapisha walichogundua juu ya histamini, kemikali ambayo seli hizo huimwaga, mishipa ikatanuka na ngozi ikavimba. Lakini nani huzichokoza seli?

Mwaka 1986 Clive Grattan na wenzake Uingereza walieleza jaribio la ajabu kwa wepesi wake. Mgonjwa hutolewa damu, ikaachwa igande, kisha yale maji yanayobaki juu, seramu, anachomwa nayo mwenyewe ndani ya ngozi ya mkono. Ndani ya nusu saa baadhi ya wagonjwa huota baka. Mwaka 1993 Michihiro Hide, Malcolm Greaves na wenzao wakaonyesha kingamwili zinazozishambulia seli za masti.

Mimi naona yaliyofuata Milano ndiyo yenye utamu. Seramu ni damu iliyokwishaganda. Je, kama ushahidi ulitupwa pamoja na bonge? Mwaka 2006 Riccardo Asero na wenzake walitumia plazima, iliyozuiwa isigande, wakapata mabaka kwa wagonjwa wengi zaidi. Maabara nyingine hazikuona tofauti kubwa hivyo. Hata hivyo dalili za ugandishaji zilikuwemo: seli za eosinofili kwenye ngozi hubeba protini inayouanzisha, thrombini huzalishwa, na thrombini hiyo hulegeza kuta za mishipa hadi maji yavuje. Ugonjwa ukiwa mkali, kipimo cha D-dimeri, masalia ya damu iliyoganda, mara nyingi hupanda.

Wagonjwa wachache walipewa kwa majaribio heparini, inayozuia damu kuganda, pamoja na asidi ya tranexamiki, baadhi wakapata nafuu. Kliniki bado huanza na antihistamini, na zikishindwa huongeza omalizumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Kwa wanaoitikia dawa hiyo, D-dimeri iliyokuwa juu nayo hushuka.