Baba ambaye hakuzaliwa

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Sababu ni kazi. Tunaandika programu ya kumbukumbu kwa zahanati moja upande wa Kuria, kaunti ya Migori, na mtu akiwa na tarehe ya kukabidhi kazi hana muda wa kuandika mengine.

Siku moja nilikuwa nimeketi kando ya sista anayeandikisha watoto wa kliniki, nikitazama anavyohangaika na fomu niliyoibuni mwenyewe. Akaingia bibi mmoja na msichana aliyebeba kichanga. Jina la mtoto, sawa. Jina la mama, sawa. Jina la baba... kimya.

"Bibi, baba wa mtoto yuko wapi?"

"Hayuko."

"Pole. Alifariki?"

"Hapana, mwanangu. Hakuzaliwa."

Nilidhani ni mzaha. Sista, ambaye ni mwenyeji, wala hakucheka. Alijaribu kuliacha pengo, programu yangu ikakataa kuhifadhi. Niliamua mwenyewe, nikiwa Nairobi na kikombe cha chai mkononi, kwamba safu ya baba lazima ijazwe.

Kwa wasiojua: miongoni mwa Wakuria mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana kwa ajili ya nyumba yake. Msichana huyo huhesabiwa kuwa mke wa mwana ambaye angezaliwa. Watoto atakaowapata ni wajukuu wa bibi, na mwanamume aliyewatia mimba hana dai lolote. Ng'ombe ndio mkataba. Ng'ambo ya mpaka, Tarime, ndoa ya namna hii huitwa nyumba ntobhu. Sisi Wajaluo nasi tusijifanye tunashangaa: mjane akirithiwa, watoto anaowapata baadaye huitwa kwa jina la marehemu. Sisemi desturi hizi ni tamu. Msichana anayeolewa hivyo mara nyingi ametoka nyumba maskini, na si kila mmoja aliulizwa. Lakini kama ni swali la "mzazi ni nani", wazee walilijibu bila kuangalia damu.

Mbona naandika haya kwenye ukurasa wa kompyuta? Kwa sababu usiku ule, nikirekebisha ile safu, nilikumbuka fahali mmoja wa Nairobi anayeitwa Tumaini.

Tumaini ni fahali wa Boran aliyezaliwa mwaka 2012 katika taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, kwa ushirikiano na Roslin ya Uskoti, walewale waliomtengeneza Dolly. Dolly, aliyezaliwa Julai 1996, alitokana na seli ya kiwele cha kondoo mzima: mayai 277 yalijaribiwa, akapatikana mwana-kondoo mmoja. Tumaini alitokana na seli za kijusi cha Boran zilizokuzwa maabara. Yaani yule anayefanana naye kwa jeni zote hakuwahi kukanyaga nyasi. Hakuzaliwa!

Na sababu ya kumtengeneza iko karibu na kwetu kuliko mnavyodhani. Nendeni Lambwe, Homa Bay. Bonde lile lina malisho mazuri, lakini mbung'o waliliweka nusu tupu kwa miaka mingi. Malale ilienea kando ya Ziwa Victoria mwanzoni mwa karne iliyopita ikaua watu wengi mno, hasa upande wa Uganda, na Lambwe ikazuka tena miaka ya 1980 hadi 1984. Hata hifadhi ya pale, iliyotengwa mwaka 1966 na kuitwa Ruma tangu 1983, iko salama kwa kiasi fulani kwa sababu mbung'o walituzuia kuimaliza. Ng'ombe wakiumwa nagana hukonda hadi mbavu zihesabike. Nyani, hata hivyo, wana protini katika damu inayowaua vimelea hao. Wazo la wanasayansi lilikuwa kuitia jeni hiyo ya nyani katika seli ya Boran, kisha seli igeuzwe ndama. Kwa hiyo ilibidi kwanza wathibitishe kwamba seli ya Boran inaweza kweli kugeuka ndama. Huyo ndiye Tumaini. Mzaha mnaosikia kwamba kloni ni ya matajiri wanaotaka kujinakili... hapa ilianza na mchungaji na mbung'o.

Kunakili ni hatua moja. Kutengeneza yai lenyewe ni nyingine, nayo pia imepita Kenya. Sudan, faru dume wa mwisho wa weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta tarehe 19 Machi 2018, wakabaki Najin na bintiye Fatu. Agosti 2019 walitolewa mayai, yakasafirishwa hadi Italia kurutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa. Mayai ya faru wawili hayatoshi kurudisha ukoo. Ndipo akaingia Katsuhiko Hayashi wa Japani, ambaye kwa panya alikwisha kugeuza seli za kawaida kuwa mayai, na mwaka 2023 akaonyesha panya waliotokana na madume wawili. Desemba 2022 kundi lake lilitangaza kwamba limepata seli tangulizi za mayai kutokana na ngozi ya Nabire, faru aliyekufa Jamhuri ya Cheki mwaka 2015. Si mayai bado. Lakini mnaona mwelekeo: marehemu anaweza kuwa mama.

Kwa binadamu, Septemba 2025 watafiti wa Oregon, Marekani, walitangaza mayai 82 yaliyotengenezwa kwa kutumia viini vya seli za ngozi. Karibu asilimia 9 tu ya yale yaliyorutubishwa yalifika siku ya sita, na hesabu ya kromosomu ilikuwa imevurugika. Wenyewe walisema ni kazi ya miaka kumi au zaidi. Binadamu wa kloni aliyethibitishwa hajapatikana. Waliodai hivyo Desemba 2002 hawakuonyesha hata tone la damu.

Sheria je? Hapa msanidi programu yeyote atatabasamu. Uingereza mwaka 1990 ilitunga sheria iliyoeleza kiinitete kama kitu kilichotokana na urutubishaji. Kloni haina urutubishaji. Novemba 2001 mahakama ikasema, basi, kloni haimo ndani ya sheria. Hitilafu hiyo ilizibwa na Bunge chini ya wiki tatu! Miaka kumi na moja hakuna aliyeijaribu programu kwa data ambayo hawakuitarajia.

Kwetu kasi ni nyingine. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya mapacha waliobebwa na mama mbadala, ambao baada ya kuzaliwa walichukuliwa na kupelekwa makao ya watoto kwa kuwa hakuna aliyejua nani aandikwe mama. Safu moja ya fomu! Mwaka huohuo Millie Odhiambo, mbunge wa Suba Kaskazini (zamani Mbita) kulekule Homa Bay, alianza kusukuma mswada wa uzazi wa kusaidiwa. Bunge la Taifa liliupitisha Novemba 2025. Miaka 11. Watoto hawakungoja. Wa kwanza wa maabara nchini walizaliwa Nairobi Mei 2006, sasa ni watu wazima.

Nirudi kwa bibi. Nimeivunja safu ya "mama" na "baba" kuwa tatu: aliyemzaa, wa damu, na wa nyumba. Ya kwanza tu ndiyo ya lazima. Ya damu inaweza kuwa na majina mawili, moja, au pasiwe na kitu. Nilipoipeleka wiki iliyopita sista alilalamika kwamba sasa kila mtoto anachukua dakika mbili zaidi na foleni inafika mlangoni. Ana haki, nitaficha zile mbili nyuma ya kitufe.

Mtoto wa bibi yumo. Wa nyumba: jina la mwana ambaye hakuzaliwa. Bibi alilitaja bila kusita hata kidogo.